Jetoni Niliyoitundika Pamoja na Mikanda Miwili

Siku ya kwanza kazini sikushika gari hata moja. Nilipita mlango wa gereji kubwa ya migodi hapa Likasi nikiwa nimevaa suruali ya kuazima, na karani akanikabidhi kipande cha shaba kilichotobolewa juu na kuchongwa namba. Tulikiita jetoni. Karani alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Hii njo weye. Ukiipoteza, hauko tena muntu wa hapa." Aliposema kipande kile ndicho mimi, nikadhani ananitisha. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi.

Ninyi vijana wa leo jetoni hamuijui, basi niwaeleze. Vifaa vyote vya gereji vilining'inia kwenye ukuta wa magazini, yaani stoo yetu, kila kimoja na msumari wake. Ukitaka ufunguo wa kukazia boliti, unauchukua na kuacha jetoni yako pale pale msumarini. Mkubwa akipita anaona nani ana nini, wala hakuna kubishana. Na siku ukifukuzwa unairudisha jetoni dirishani kwa karani, na pamoja nayo unarudisha nyumba ya kambi na mgawo wa unga. Wake zetu walilijua jambo hilo kuliko sisi wenyewe.

Mwaka wa kwanza niliosha vipuri ndani ya pipa la mafuta ya taa, chini ya Kapita Bonifasi. Kapita ndiye msimamizi wetu Mwafrika. Huyu alikuwa mtu wa Kambove, mfupi, mkali, mwenye masikio ambayo sijayaona kwa mwingine. Aliweza kukaa kwenye benchi anakula muhogo wake na kukwambia lori linalopita barabarani lina valvu mbovu. Alinizuia kushika kitu kabla sijakisikiliza. Nilimchukia mwaka mzima, na leo namwombea kila Jumapili.

Baadaye nilipelekwa kwenye shimo la kumwagia mafuta machafu, kisha upande wa magari madogo, chini ya Shefu wa Atelieri, ndiye mkuu wa karakana. Alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye koti la buluu lililopigwa pasi hata siku za kazi chafu. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa fundi. Msaidizi anashika taa, anapitisha ufunguo, anafuta mafuta sakafuni. Injini hafungui. Nilikaa hivyo miaka mitano, na nakiri kwamba mikono iliniwasha.

Shefu hakuwa mtu mbaya, nampa haki yake. Ila alikuwa na dini ya pili, nayo ilikuwa kiwanda. Kilichowekwa na kiwanda hakitolewi. Boliti ikipotea, gari lilisimama mpaka boliti ileile ije kutoka Ulaya, hata kama tulikuwa na kopo zima la boliti zinazoingia.

Katanga ilipojitenga na Kongo, dini hiyo ilipata shida. Tulikuwa na bendera mpya na noti mpya, lakini vipuri havikuja. Mara reli imekatika, mara barabara ya Lubumbashi imefungwa na askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa, mara na askari wetu wenyewe. Rafu za magazini zikawa tupu, na Shefu akaanza kutembea na funguo zake mfukoni.

Ndipo likaletwa gari la daktari. Lilikuwa gari refu la Kimarekani, mali ya tajiri mmoja aliyekimbia na kuiachia hospitali. Tajiri yule alipenda raha. Gari lilikuwa na mashine ya kupuliza hewa baridi, na pampu ya kulainisha usukani hata uugeuze kwa kidole. Mashine ya baridi ilikuwa imekufa zamani, na pampu ya usukani ilikuwa imemwaga mafuta yake yote. Dereva Gaspari, aliyekuwa na mikono minene ya mvuvi wa ziwa Tshangalele, alisema, "Pompe ya usukani njo minye," akimaanisha pampu ni yeye mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbele ya injini ile kulikuwa na mikanda mitatu ya mpira. Mkanda huvutwa na puli, yaani gurudumu lenye mfereji, lililo chini kwenye ekseli kuu ya injini. Mkanda wa kwanza ulizungusha feni, pampu ya maji na dinamo ya umeme. Bila huo hakuna gari. Wa pili ulikwenda kwenye mashine ya baridi iliyokufa, na wa tatu kwenye pampu kavu ya usukani. Basi puli ya mashine ya baridi ilikuwa inakwama. Mkanda wake ukisuguana nayo unaungua, unakatika, na ukikatika unaruka kama nyoka na kuukata mkanda wa feni. Mara mbili jambo hilo lilitokea katika mwezi mmoja, na mara mbili tukaweka mikanda mipya. Magazini ukabaki mkanda mmoja wa feni, wa mwisho.

Surua ilikuwa imeingia katika vijiji vya wavuvi kandokando ya ziwa Tshangalele, na daktari alikuwa anakwenda huko kila wiki na masanduku ya dawa. Shefu alitazama injini, akatazama mkanda ule wa mwisho, akafunga boneti.

"Gari inasimama," alisema. "Tunangoya kuruwa za Ulaya."

Kuruwa ndiyo mikanda, kwa lugha yetu ya gereji. Nilikuwa nimeshika taa. Sijui nani alinifungua mdomo nimwambie patron, yaani bwana mkubwa, kwamba mikanda miwili itolewe.

"Patron, tutoshe zile mbili zenye haziko na kazi. Ile moya ya feni itabakia yenyewe."

"Usine imetia tatu. Itabakia tatu," akajibu Shefu. Usine ndiyo kiwanda chake.

"Usine ilitia tatu sababu ilikuwa na mashini tatu ya kuzungusha. Leo tuko na moya tu."

Kapita Bonifasi alikohoa kule nyuma, kikohozi cha kuniambia ninyamaze. Shefu aliniuliza, kwa upole uliotisha kuliko makelele, "Weye, utajua namna gani kama ile ya usukani haizungushe kitu ingine?"

Swali lilikuwa zuri. Na hapa ndipo nawaomba vijana wasiruke mistari, kwa maana nimeona watu wakikata mkanda kwa kisu kwa sababu tu umewaudhi, kumbe ndio unaozungusha pampu ya maji, na injini ikaiva kabla hawajafika Kamatanda, hapa jirani. Nilichukua chaki nikapiga alama kwenye kila puli. Nikamwomba Gaspari aizungushe injini polepole kwa wenzo wa mkono, huku mimi nikifuata kila mkanda kwa kidole mpaka mwisho wake. Mkanda wa feni uligusa feni, pampu ya maji na dinamo. Ile mingine miwili, kila mmoja ulikwenda kwenye maiti yake na kurudi. Nikasema, "Patron, angalia chaki." Akaangalia mara mbili.

Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Bon. Utatosha. Zile kuruwa utazitundika mu magazini, na jetoni yako juu yake. Injini ikiungua, minye mwenyewe nitaitosha pale na kuipeleka ku karani."

Nyumbani nilikuwa na mke wangu Veronika na watoto watatu, na nyumba ya kambi yenye vyumba viwili. Lakini mdomo ulikwisha kusema, na maneno hayarudi.

Nililegeza boliti za mashine ya baridi, nikaisukuma kuelekea injini mpaka mkanda ukalegea, nikauvua kwenye puli ya chini, kisha nikaupitisha kwenye panga za feni, moja baada ya moja, bila kulazimisha. Wa usukani vilevile. Boliti nilizikaza tena ili vyuma vilivyobaki visitikisike. Puli nilizifuta mpaka zikang'aa. Mkanda wa feni, uliokuwa umeanza kuliwa, nikaubadilisha kwa ule mpya wa mwisho, nikaenda magazini, nikatundika mikanda miwili kwenye msumari, na juu yake jetoni yangu. Nilipotoka nilijiona uchi.

Uchi huo ndio ulionikosesha. Mkanda wa feni hukazwa kwa kuvuta dinamo nje, na kipimo chake ni kidole gumba. Ukiubonyeza katikati unatakiwa kuingia kiasi cha unene wa gumba lenyewe. Kapita alinifundisha hivyo tangu zamani. Lakini siku ile niliogopa uteleze, nikauvuta mpaka ukawa mgumu kama kamba ya kuanikia nguo. Woga ndio ulioukaza, si mimi.

Tuliondoka asubuhi, Gaspari kwenye usukani, Shefu pembeni yake na koti lake, daktari na mimi nyuma na masanduku ya dawa. Tulipopita Kamatanda nikasikia. Sauti nyembamba, ya chuma kinacholia, upande wa dinamo. Gaspari hakuisikia, Shefu hakuisikia. Masikio ya Bonifasi yalikuwa ndani ya masikio yangu. Ningeweza kunyamaza. Ingefika ziwani, labda hata ingerudi, na beringi ya dinamo ingevunjika siku nyingine mbele ya mtu mwingine.

"Gaspari, simama," nilisema.

Shefu aligeuka. "Iko nini?"

"Nilikosa, patron. Nilikaza sana. Dinamo inalia."

Daktari alitazama saa yake. Shefu alishuka pamoja nami, akasimama na mikono nyuma wakati nalegeza boliti, narudisha dinamo kidogo, nabonyeza kwa gumba, nakaza tena. Injini ilipowashwa, ile sauti haikuwepo. Shefu aliinamisha kichwa karibu na dinamo, akasikiliza muda mrefu. Kisha akabonyeza mkanda kwa gumba lake mwenyewe.

"Twende," alisema.

Tukafika Tshangalele. Akina mama walikuwa wamekaa mchangani na watoto wao tangu alfajiri, na walipoona gari walisimama wote pamoja. Daktari alifanya kazi mpaka dawa zikaisha. Tuliporudi gereji, Shefu alifungua boneti, akaweka kiganja kwenye rejeta, akakiacha pale. Maji hayakuchemka. Gaspari akatangaza kwa watu wote kwamba gari sasa ni jepesi, linapanda kilima bila kunung'unika, na ni yeye tu aliyebaki mzito.

Nilikimbilia magazini kuchukua jetoni yangu. Shefu akanizuia mlangoni. "Ile inabakia pale," alisema, na moyo ukanishuka. Akatoa mfukoni jetoni nyingine yenye namba mpya, kutoka safu ya namba za mafundi. "Muntu yenye kusema nilikosa mbele ya dinamo kufa, huyu namupa injini." Alimaanisha aliyekiri kosa kabla dinamo haijafa. Kapita Bonifasi aligeukia ukutani akajifanya anahesabu funguo. Nilijua analia, na nililia pia, wala sikujificha.

Gari lile lilikwenda ziwani kila wiki na mkanda wake mmoja, na bado lilikuwa linakwenda siku Katanga ilipoacha kujitenga. Nami nilipanda. Nilipelekwa Kambove kusimamia gereji ndogo, nikarudi Likasi nikiwa Shefu wa Atelieri, na koti la buluu nikalivaa mimi, ingawa halikupigwa pasi vile. Nilifundisha mafundi wengi kutumia chaki kwanza na gumba baadaye. Wengine walinichoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wao hawakujua jetoni yangu ilikuwa na uzito gani siku ile.

Siku ya kustaafu nilirudisha jetoni ya fundi dirishani. Karani, binti mpole, aliandika akasema, "Byote byako byaisha, papa." Nikamwambia vyote havijaisha, bado kimoja, nikaingia magazini. Mikanda miwili ilikuwa pale pale kwenye msumari, imekauka na kupasuka, na jetoni yangu ya kwanza juu yake imekuwa nyeusi. Niliitundika ili mkubwa aje kuitoa siku nitakaposhindwa. Wakubwa wengi walipita chini yake, na hakuna aliyeinua mkono. Basi nikaitoa mwenyewe, nikaifuta kwa shati mpaka shaba ikaonekana, nikaenda nayo nyumbani kwa Veronika.