Nimekoma, Baba Shikanga

Mwaka ule miwa iliinua watu mpaka wakaanza kuona nyasi ni tusi. Pale Navakholo, hata mwenye ekari mbili za miwa alikuwa analala chini ya mabati, na Lazarus Osundwa, mwenye sita, alijiona amechelewa. Nyumba kubwa aliimaliza mwezi wa tatu. Ikabaki aibu moja: jiko la mkewe Khalayi, kijumba cha udongo na nyasi nyuma ya nyumba, limejikalia pale kama bibi aliyesahauliwa harusini.

"Jumamosi linashuka," akasema.

Khalayi akaendelea kukoroga uji. Alikuwa na miaka hamsini na moja na, tangu Krismasi, alikuwa na moto. Moto wenyewe haukupiga hodi. Ulianzia kifuani, ukapanda shingoni, ukafika usoni, na kabla hajaweka mwiko chini gauni limelowa kama limetolewa mtoni. Jasho likipoa, meno yanagongana, anatafuta blanketi saa saba mchana. Chini ya mabati jua likishika, nyumba iligeuka tanuri, naye ndani tayari ni tanuri jingine. Ni kwenye jiko lile tu, kuni zikiwa zimezimwa na mgongo umeegemea ukuta wa udongo, ndipo alipopumua.

Kila mtu alijua ni malaria. Alimeza klorokwini mara nne, akajikuna kama mbuzi anayejisugua kwenye ua, na moto haukuhama. Lazarus alikuwa na maelezo yake: "Wewe hutaki tu maendeleo."

Alhamisi, akiamini anakufa, alitembea hadi zahanati. Nesi Edah, msichana wa juzi tu, akamuuliza umri wake na mwezi wake wa mwisho.

"Mama, hii si malaria. Umekoma."

"Nimekoma nini? Sijamkosea mtu, binti yangu."

Edah alicheka mpaka akashika meza. Akamweleza kwamba ni hedhi iliyokoma, na moto ule ni wa umri. Kwa wengine huchukua miaka. "Kaa mahali penye baridi. Na mwambie mzee."

Miaka. Na mahali penye baridi palikuwa na siku mbili za kuishi.

Kumwambia mzee ndiyo ilikuwa kazi. Kwa lugha ya nyumbani, mambo hayo mke hamtajii mume. Angeonekana hana haya. Akaamua kuazima Kiswahili cha nesi, kama mtu anavyoazima sufuria kwa jirani. Ijumaa nzima neno lilimkaa kooni. Jumamosi asubuhi fundi Sylvanus akapanda paani, akang'oa nyasi za kwanza. Chini walikuwa wasaidizi wawili, mmoja wao Makhanu, mume wa binti wa Khalayi.

"Mama Shikanga, toka huko, panya watakuangukia," Sylvanus akaita. "Hata wao siku hizi wanahamianga kwa mabati."

Khalayi alikuwa ndani, mgongo ukutani. Moto ukapanda. Akatoka uso ukitiririka, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Shikanga." Akajifuta uso kwa leso. "Nimekoma."

Lazarus akamtazama. Uso wake ukalainika, jambo lililokuwa halijatokea tangu mabati yafike. Akamwekea mkono begani, akahisi jasho, akadhani ni la majuto.

"Sasa hayo ndiyo maneno. Mtu akikoma, yameisha. Sina kinyongo." Akainua kichwa. "Sylvanus, shusha. Mama amekubali."

Khalayi akafungua kinywa atoe neno la pili, lile lenyewe. Makhanu alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, ameinamisha macho kwa heshima ya mama mkwe. Neno hilo halisemwi mbele ya mkwe. Akarudi nyuma, akapisha nyasi zishuke.

Adhuhuri, jiko lilikuwa kuta zisizo na kichwa. Lazarus, kwa wema wa kweli, akamwekea mkewe kiti kipya sebuleni na kumletea chai ya moto, sukari vijiko vinne. Khalayi akaketi. Juu yake mabati yakaanza kulia, ka, ka, yakijinyoosha juani. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akausubiri moto.