Sauti ya Kodi Mabatini

Kiwanda cha Nyakato kilipotupunguza kazi, miaka ile ya soko huria, nilibaki na mdomo tu wa kunilisha. Nikapata kibarua cha kutangaza kodi ya maendeleo: gari la wazi, kipaza sauti, na mimi nimesimama nyuma, tukizunguka mtaa wetu wote wa Mabatini.

Karatasi niliyopewa ilikuwa vitisho vitupu. Wadaiwa sugu watakamatwa, mgambo wanakuja, mali zitachukuliwa. Matokeo tuliyaona palepale: wanaume walipanda mlimani kwenye mawe, wake zao wakatuambia wamevuka ziwa kwenda Sengerema. Hata jirani yangu, fundi cherehani, niliyesalimiana naye asubuhi, ghafla naye yuko Sengerema. Nilijua kajificha nyuma ya jiwe gani. Tukarudi ofisini na hela kiduchu, bosi akasema hali ikiendelea hivyo atatafuta mwingine.

Nilikasirika. Nikamuuliza hizo fedha hasa ni za nini. Akasema zahanati yetu inayovuja itaezekwa.

"Una hakika?"

"Hakika. We sema utakavyo, hela ziingie."

Basi karatasi nikaiweka pembeni. "Wazee wangu, shikamooni. Zahanati yetu mnaijua. Wanawake wanajifungua huku ndoo zinakinga maji. Ukilipa kodi, umetoa bati lako."

Watu wakaja. Walikuja wakinung'unika, lakini walikuja, fundi akiwa wa kwanza. Akanitania kwamba kwa ulimi ule ningefaa kutumwa posa. Nilifurahi sana, siwezi kudanganya.

Masika yakafika, paa ni lilelile. Mke wa fundi akajifungulia pale, mtoto wa siku moja akanyeshewa akiwa ndani. Fundi akaja kwangu ameshika stakabadhi yake. Hakugomba.

"Dada, bati langu ni lipi?"

Nikaenda kumuuliza bosi. Fedha zimepelekwa kwingine, akasema, na mwezi ujao nirudie maneno yaleyale maana yanaleta hela. Nikamwekea kipaza sauti mezani. Akadhani natania. Nikamwambia atafute mtu asiyeishi Mabatini.

Nikiwa sina kazi tena, nikapita kwa fundi kumweleza kwamba bati halipo wala halijanunuliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, mguu wake umetulia juu ya pedali ya cherehani.

"Vitisho vyenu nilishavizoea, dada," akasema. "Wewe nilikuamini."