Hisa Nilizonunua Zikishuka

Nilikuwa nimekaa mbele ya meza, katika ofisi ya dalali wa hisa. Mimi niliyeishia darasa la nne, niliyejenga nyumba tatu Mafinga bila kumkopa mtu, nilikuwa namwogopa binti mwenye kompyuta.

Pesa niliyokwenda nayo ilikuwa ya shamba langu la mwisho la miti ya paini. Miguu imechoka, kupanda vilima siwezi tena, nikauza. Pesa ile ndiyo uzee wangu na wa mke wangu, nyingine haiji. Aliponisindikiza stendi aliniambia, "Mzee, ukiimaliza hiyo, tutakula ukaidi wako."

Dalali wa hisa ningempata Iringa, ni karibu. Nilikwenda Mbeya makusudi. Iringa wananijua. Nikipoteza, habari ingefika nyumbani kabla ya basi langu.

"Shikamoo, mzee wangu," binti alisema, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Namba zote nyekundu. Herufi nazisoma polepole, namba hazinishindi. "Bei zimeshuka karibu kote. Huu ndio wakati wa kununua."

"Hata aliyeniuzia ng'ombe mgonjwa aliniambia hivyohivyo."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Nitasema ukweli, kununua kilichoshuka bei sikuanza siku ile. Utajiri wangu ulianza na moto. Msitu wa mtu ukiungua, mwenyewe analia, bei inaanguka, wengine wanakimbia. Mimi nilikuwa naingia na panga. Nabandua gome kidogo, mti kwa mti. Chini yake pakiwa peupe na pana maji, moto umepita juu tu, nanunua na kupasua mbao haraka. Pakiwa pakavu, rangi ya kahawia, naondoka hata nikipewa bure. Lakini mara moja panga halikunisaidia. Nilichelewa kupasua wiki chache tu, mbao zote zikaota ukungu, zikageuka bluu, zikakosa mnunuzi. Mwaka ule tulikula viazi.

Sasa pale ofisini gome lilikuwa wapi? Nilikuwa naangalia kioo tu.

"Nionyeshe hisa mbili ambazo watu wanaziulizia sana," nikamwambia.

Akanionyesha hisa za benki moja na za kiwanda kimoja cha saruji. Za benki zilikuwa zimeshuka kidogo. Za kiwanda zilikuwa zimebaki nusu ya bei. Nusu ya bei! Tamaa ilinishika, na woga ukaja nyuma yake.

"Benki imeshuka kwa nini?"

"Kuna wawekezaji wakubwa wa nje waliuza, walitaka pesa zao."

"Gawio la faida walilipa?"

"Walilipa mwaka jana, na mwaka juzi."

"Na kiwanda?"

Akabofya, akasoma, akabofya tena. "Miaka miwili hawajalipa, mzee. Wanasema wanapanua."

"Wanapanua nini?"

"Hawajaandika."

"Wewe ungenunua ipi?"

"Mimi siruhusiwi kukuchagulia."

"Basi hata wewe unaogopa," nikamwambia. Akainamia karatasi zake.

Akaniletea maji, nikayanywa yote. Jasho lilinitoka, na Mbeya kulikuwa na baridi. Niliwaza benki nayo ikianguka, nirudi nimwambie nini mama watoto? Mwisho nikasema benki, na kwa nusu tu ya pesa yangu. Nikasaini. Sahihi ilitoka kama ya mtoto.

Nje nikampigia mke wangu.

"Umenunua?"

"Za benki. Za kiwanda, zilizobaki nusu ya bei, nimeziacha."

"Si ndizo rahisi?"

"Niliogopa."

Tumeishi pamoja miaka mingi, neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu.

"Unaumwa?" akauliza.

"Siumwi. Naogopa tu. Na zikishuka tena kesho, nitaogopa zaidi."

"Hiyo nusu nyingine iko wapi?"

"Ninayo."

"Ilete hapa. Usimpe mtu, hata akikuita baba."

Nikapanda basi nimeifunga tumboni kwa kitenge, chini ya shati. Basi liliposimama Igawa abiria waliteremka kununua vitu, jirani yangu wa kiti akanivuta, "Mzee, twende tukanyooshe miguu." Nilimwambia miguu yangu imenyooka. Nilibaki kwenye kiti, mikono juu ya tumbo, nikimtazama kila aliyepita.