Kikombe cha Upande wa Kulia

Nisikilize, msomaji, nami nitakueleza polepole. Kazi yangu ni kuendesha magari ya mashindano. Tangu nilipougonga ukuta wa uwanja, jicho langu la kulia halioni, na sikumwambia mtu. Nilijizoeza kugeuza shingo, nikajiona hodari.

Ijumaa iliyopita tulikuwa barazani kwa Khalfan, mwenye timu yetu, kule mtaa wa Ansab, tukipanga mbio zijazo. Baba yake alikuwa akitutilia kahawa mwenyewe. Mimi nilikuwa nikijisifu namna ninavyowapita wenzangu kwenye kona. Watu wakageuka kunitazama. Nikadhani wamestaajabu, nikazidi kupaza sauti.

"Mwanangu," mzee akasema kuliani kwangu, "kahawa huitaki, au mimi ndiye usiyemtaka? Nnakunyooshea kikombe mpaka kahawa inapoa."

Watu wakacheka. Khalfan hakucheka. Alinyoosha vidole upande wa kulia wa uso wangu.

"Vingapi?"

Nikageuza shingo nivihesabu.

"Ungekuja kuua mtu," akasema, akanyoosha kiganja nimpe funguo za gari.

Wewe usione haya kama mimi. Leo, kabla hujashika usukani, ziba jicho moja utazame, kisha ziba la pili. Likikataa mojawapo, mwambie mtu.