Kitambaa Chekundu Kichwani

Katika nyumba ile palikuwa na sheria moja tu iliyofuatwa bila mjadala. Nyingine zote, za kunawa miguu kabla ya kulala na kutomlisha paka mezani, zilivunjwa kila siku, na aliyezitunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzivunja. Lakini ya kitambaa ilikuwa sheria kweli. Mama akijifunga kitambaa chekundu kichwani, mama hayupo.

Aliitunga mwenyewe, baada ya kuona maji yanamfika shingoni. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za vitabu vya watoto, kwenye meza iliyosukumwa chini ya dirisha la chumba cha kulala, na bintiye, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho, alikuwa amejua kusema mapema kuliko alivyotakiwa. Mama maji. Mama paka. Mama angalia. Kila sungura aliyechorwa katika chumba kile alikatizwa kabla hajapata masikio. Basi mama akaugeuza mchezo. Anafunga kitambaa, anapunga mkono, "Kwaheri, mama anaondoka." Kazi ikiisha anakivua na kupiga kelele, "Hodi! Mama amerudi!" na mtoto anakuja mbio kukumbatiwa kama mtu aliyepokewa kituoni.

Majirani walicheka. "Mama Kidoti, leo upo au haupo?" Mama mkwe hakucheka.

"Mshika mawili moja humponyoka, mwanangu," alimwambia.

"Mimi nina mikono miwili, mama," alijibu, na jibu hilo alijivunia kwa muda mrefu.

Sasa alikuwa na kitabu mkononi, hadithi ya msichana aliyepotea sokoni na mama yake aliyemtafuta hadi giza likaingia. Kurasa zote zilikwisha ila ya mwisho, ile ambayo mama na mtoto wanaonana chini ya mbingu ya usiku. Katika miaka yake yote ya kuchora, jina lake lilikuwa halijawahi kukaa peke yake kwenye jalada. Siku zote liliandikwa pembeni, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, likibanana na majina ya wenzake. Safari hii lingekaa peke yake, kubwa. Lakini alikuwa ameshavunja ahadi ya kukabidhi kazi mara mbili, kwanza Kidoti alipougua, kisha Kidoti alipomwambukiza yeye.

Asubuhi moja mhariri wa kitabu alimpigia simu. "Dada yangu, mimi nakupenda, lakini mtambo wa kuchapa haupendi mtu. Leo saa kumi tarishi atapita hapo kwako. Asipopata mchoro, ukurasa nampa yule kijana wa kompyuta, na jina lake litakaa juu pamoja na lako. Siwezi kukutetea tena."

"Nitamaliza."

"Na mtoto je?"

"Mtoto ana shanga zake."

Baba mtu alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kusaidiana naye. Mchana ukaisha katika kukata, kupima na kuchana karatasi zilizoharibika. Akabaki na karatasi moja nzuri. Akatandika mkeka sebuleni, akaacha mlango wazi, akamwaga shanga, akafunga kitambaa. Kidoti akampungia mkono.

Tuseme kidogo juu ya mbingu ya usiku, kwa sababu ndiyo iliyoleta balaa. Kwa rangi za maji, mbingu haina subira. Ukiianza, unaikimbiza kutoka ukingo hadi ukingo karatasi ikiwa bado mbichi. Ukisimama katikati, hata kwa kwenda kufunga dirisha tu, rangi inakauka na kuacha mstari usiofutika, na mbingu inaonekana ina ufa. Mama aliacha peupe mahali pa mama na mtoto, akachovya brashi pana, akaanza.

Alikuwa hajafika nusu aliposikia miguu. Kidoti alisimama mlangoni. Mama aliona pindo la gauni kwa pembe ya jicho, hakugeuka. Mtoto hakusema kitu. Hodari wangu, mama alijisemea, sheria anaijua. Alisikia pumzi zikipita mdomoni, na kitu kama kamasi zinavutwa. Mafua tena, alifikiri, akaongeza buluu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwa na tarishi wa saa kumi. Akaikimbiza ile mbingu hadi kona ya mwisho, mbingu laini, nyeusi juu na ya samawati chini, bila ufa hata mmoja. Hajawahi kuchora nzuri kama ile. Akageuka huku anatabasamu.

Kidoti alikuwa mdomo wazi. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, na chini ya tundu moja la pua palikuwa na uzi wa damu.

"Umeingiza ushanga puani?"

Mtoto alimtazama tu.

"Kidoti! Nakuuliza! Unaumwa wapi?"

Hakujibu. Hata kichwa hakutikisa. Mama akamwinua kidevu kwenye mwanga, akauona ushanga juu kabisa, wa kijani. Akajaribu kuutoa kwa kidole, na kosa lenyewe likawa hilo, ukapanda zaidi. Ushanga puani anaujua, watoto wanaingiza. Lakini huu unyamavu? Mtoto huyu anayesimulia habari za nyumbani hadi dukani, leo kauma ulimi? Je, kama amemeza mwingine, ukakwama kooni?

Alimbeba akatoka mbio, ndala moja yake na moja ya mumewe. Langoni akakutana na tarishi anateremka kwenye pikipiki.

"Mama, nimefuata mchoro."

"Haujaisha! Nisubiri!"

"Siwezi, bado nina ofisi nyingine."

Hakusimama kubishana. Njia nzima hadi zahanati ya mtaa wa pili alikuwa anamsemesha mtoto begani: niambie mwanangu, sema neno moja tu, sema mama. Kidoti alipumua kwa mdomo na kuangalia barabara.

Nesi alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha. Alimulika pua, akamulika koo. "Kooni hakuna kitu. Huu wa puani tutautoa bila koleo. Mama, ziba kwa kidole tundu hili lisilo na ushanga. Weka mdomo wako juu ya mdomo wake kama unambusu, puliza mara moja kwa nguvu. Mrembo, fungua mdomo."

Kidoti aliufumba. Mama alipomsogelea, aligeuza uso ukutani.

"Huyu huwa anasema?" nesi aliuliza.

"Anasema mpaka majirani wanajua siri zetu."

Nesi akainama. "Mrembo, unaitwa nani?"

"Kidoti," mtoto alisema kwa sauti ya kubanwa.

Mama akamgeukia mtoto. Anasema! Sasa kwa nini?

"Mbona mama humjibu?" nesi aliuliza.

"Mama hayupo."

Nesi akamgeukia yule mwanamke mwenye vidole vya buluu, akamkagua toka juu hadi kwenye zile ndala, kama mtu anayeanza kujiuliza kama amwite mlinzi. "Na huyu ni nani?"

Kidoti akanyoosha kidole juu, kichwani. "Bado amevaa kitambaa. Mama akirudi nitamwambia."

Kuna aibu inayochoma uso, na kuna nyingine inayoingia hadi kwenye mifupa. Hii ilikuwa ya pili. Mama alipandisha mkono akakigusa, kimekaa vilevile alivyokifunga. Mtoto alisimama pale mlangoni anaumia, akangoja mbingu iishe, kwa sababu alikuwa mtoto mtiifu. Akakivua. Alijua kuna maneno lazima ayaseme.

"Hodi," alisema mwishowe. "Mama amerudi."

Kilio kilichotoka kilisikika hadi nje. "Mama! Ushanga umeingia! Nilikungoja! Nilikungoja sana!" Na mdomo ukiwa wazi hivyo, mama akaziba, akapuliza, na ushanga ukaruka pamoja na kamasi ukatua kwenye koti la nesi.

"Haya, mali yenu hiyo," alisema nesi.

Mhariri alikuwa mtu mwema. Mama alipompigia simu jioni ile, aliuliza hali ya mtoto kwanza. Kisha akasema tarishi alirudi mikono mitupu na kijana ameshaanza ukurasa. Kitabu kilitoka na majina mawili. Tusidanganyane, mama alilia. Alililia jalada, hasa, kama mtu aliyeibiwa, na kila alipokumbuka pale mlangoni alijiona hana haki hata ya kulilia. Ile mbingu aliibandika ukutani juu ya meza, na mahali pa mama na mtoto pamebaki peupe.

Kitambaa alikitupa kwenye boksi la matambara ya kufutia brashi. Akamketisha Kidoti akamwambia sheria imekufa, mama yupo siku zote, hata akichora. Kidoti aliitikia vizuri. Lakini sheria kuitunga ni rahisi kuliko kuifuta. Kwa muda mrefu mtoto aliendelea kuja kusimama mlangoni kimya, akingoja kugeukiwa.

Siku moja mama alikuwa jikoni. Akapakua, akaita. Kimya. Akaita tena, kisha akakimbilia chumbani akiwa na mwiko mkononi. Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, miguu inaning'inia, anachora. Kichwani amejifunga kile kitambaa, kina madoa ya kila rangi.

"Kidoti, chakula tayari."

"Kidoti hayupo," alisema bila kugeuka.

Mama alifungua mdomo kumwambia mchezo ule uliisha, kisha akaufumba. Alisimama pale mlangoni, alipowahi kusimama mwenzake. Kumbe kutoka pale huoni uso, unaona mgongo tu. Chakula kilipoa jikoni, naye akaendelea kungoja.