Mkaa Usio na Moshi

Siku hizi mtu akiniambia kwamba mkaa ukishakolea hauna neno, nanyanyuka. Sijali niko ukweni, sijali chai imeshamiminwa. Natoka nje, nasimama mpaka moyo utulie, ndipo narudi kuaga. Wanaonijua wananiacha, kwa sababu hasira zangu ni za siku nyingi. Wasionijua husema mwalimu huyu ana maringo. Na waseme.

Shule ninayofundisha iko pembeni mwa Tunduma, upande wa barabara inayopanda kwenda Vwawa. Mwaka ule Darasa la Tano lilikuwa langu, na somo la sayansi lilikuwa langu pia. Kitabu kilikuwa na picha ya kifaranga anatoka kwenye yai, imechapishwa vibaya kiasi kwamba watoto walibishana kama ni kifaranga au ndizi iliyomenywa nusu. Nikakifunga kitabu kwa kishindo. Nikawaambia nitawaonyesha cha kweli.

Fundi seremala alinitengenezea sanduku la mbao lenye mlango wa kioo. Nikalifungia balbu ndani, nikaweka bakuli la maji na kipimajoto, nikasubiri nusu siku. Joto halikupanda hata kidogo. Mwalimu wa sayansi nilikuwa nimeweka taa nyeupe za siku hizi, ambazo unaweza kuzishika zikiwa zinawaka usihisi kitu. Ilibidi nivuke mpaka hadi Nakonde kutafuta zile balbu za zamani zenye kiwaya ndani, zinazochoma vidole, na muuzaji alinicheka kwa Kibemba, nami nikamcheka kwa Kinyiha, tukaelewana.

Kila mtoto alileta yai la kienyeji kutoka kwao, kwenye boma lenye jogoo. Yalikuwa ishirini na manne. Tuliyaandika namba kwa penseli, tukayapanga sandukuni ndani ya stoo ya vitabu, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye soketi na kufuli. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja la ukubwa wa trei. Wakapangiana zamu za wawili wawili, mpaka Jumamosi na Jumapili, za kugeuza mayai na kusoma joto: nyuzi thelathini na saba na nusu, isipungue, isizidi. Niliwaimbisha namba hiyo mpaka wakawa wanaisema wakiruka kamba.

Kati yao kulikuwa na msichana mmoja mkimya aliyeandika kila nilichosema, hata nilipokuwa nakemea. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa miezi saba, njiti, na hospitali walikuwa wamewaruhusu wiki chache kabla. Mtoto alikuwa mdogo, wa kulala kwenye ungo nafasi ikabaki. Walikuwa wameagizwa abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, asipigwe na baridi. Na baridi ya Juni kwetu si ya mchezo. Ukungu unashuka mpaka unasikia lori linapita bila kuliona.

Siku moja, tukiwa tumesimama mbele ya sanduku, msichana yule aliniuliza, "Mwalimu, na mtoto wa mtu anahitaji nyuzi ngapi?"

Nilifurahi. Swali kama lile mwalimu anaweza kulisubiri mwaka mzima. Nikamwambia ni karibu sawa na mayai haya, kwamba kinachomkuza mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ni joto, na kazi ya walio naye ni kuhakikisha joto halitoki. Akaandika. Nilimwona akiandika.

Jumamosi ya siku ya kumi na tisa umeme ulikatika alfajiri. Tulikuwa tumeshaacha kugeuza mayai, na jioni ya jana yake ukitega sikio ulisikia sauti ndogo ndani ya mawili matatu. Mlinzi alinipigia simu, nikaenda mbiombio na kitenge kichwani. Kipimajoto kilikuwa thelathini na tatu na kinashuka. Msichana yule alikuwa ameshafika, peke yake, maana mwenzake wa zamu alikuwa na mafua. Alikuwa amevua sweta lake akalifunika sanduku.

Sasa nieleze nilichofanya, na nieleze taratibu, kwa sababu kila hatua ilionekana ya akili.

Kwetu jiko la mkaa huingia ndani wakati wa baridi. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo, na sheria yao ilikuwa moja: liwashe nje, lipepee mpaka moshi uishe, mkaa ukolee wote uwe mwekundu, ndipo uliingize. Moshi ndio mbaya. Mkaa usio na moshi hauna neno. Mimi nilisoma chuo nikafundishwa kwamba hewa yenye sumu ya mkaa haina rangi wala harufu. Niliiandika ubaoni mwenyewe, Darasa la Sita, mwaka mmoja kabla. Lakini asubuhi ile mikono yangu ilimfuata bibi. Niliwasha jiko nje, nikalipepea, nikamwonyesha yule mtoto jinsi ya kungoja moshi uishe, nikamweleza kwa nini. Nikaliingiza stoo. Nikaziba dirisha kwa gunia, na chini ya mlango nikasokomeza tambara la kufutia ubao.

Joto likapanda. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Tulitazamana tukacheka.

Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga. Nikajiambia ni kwa sababu sijanywa chai. Nikamwambia mtoto aendelee kusoma kipimajoto, kila dakika kumi aandike, mimi nakwenda jikoni mara moja. Nikatoka, nikafunga mlango, na kwa nje nikalisukuma lile tambara kwa mguu likae vizuri.

Jikoni alikuwepo mama mpishi, kwa sababu Darasa la Saba walikuwa na masomo ya Jumamosi na walipikiwa uji. Mama yule alikuwa mtu mzima, wa kuninyamazisha hata mimi. Chumba chake cha kupikia hakikuwa na mlango. Alikuwa amewakatalia mafundi wasiuweke. Tulijua sababu. Miaka ya nyuma, msimu wa baridi, dada yake alilala na jiko ndani yeye na watoto, na asubuhi majirani walivunja mlango. Hakupenda kulisema. Alinimiminia chai nikanywa, kichwa kikapungua, nikaanza kumsimulia habari za sauti ndani ya mayai. Nikaongeza kikombe cha pili.

"Zamu ya nani leo?" akauliza.

Nikamtajia.

"Yuko wapi?"

"Stoo. Anaangalia joto."

"Joto la nini, na umeme haupo?"

"Nimeyawekea mayai jiko."

Aliuacha mwiko ndani ya uji na akatoka, na mimi nilimwona mwanamke mwenye magoti mabovu akikimbia. Hapo ndipo kile nilichokiandika ubaoni kilinirudia, chote, kwa mwandiko wangu.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea rafu, daftari mapajani. Alikuwa kama mtu aliyelala baada ya kushiba. Tulimwita hakuitika. Mama mpishi alimshika kwapani, mimi miguu, tukamlaza kwenye nyasi zenye umande, na sijawahi kuogopa namna ile, kabla wala baada. Mama mpishi alimpiga piga mashavu akisema naye kwa Kinamwanga, kwa sauti ya chini, kama anambembeleza asiondoke. Sijui ilichukua muda gani. Kisha mtoto akatapika. Akafungua macho, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "yamepoa?"

Daftarini alikuwa ameandika joto mara tatu. Mara ya nne ilikuwa mstari tu, umeteleza mpaka pembeni mwa karatasi.

Nilipaswa kumpeleka hospitali. Sikumpeleka. Alikunywa maji, akakaa kwenye hewa, akaweza kusimama, akaweza kutembea, nami nikajiambia yamekwisha. Mama mpishi alinivuta kando.

"Mpeleke kwao, ukaseme kilichotokea. Usipunguze neno."

"Nitasema, mama."

"Mficha maradhi, mwalimu. Unajua mwisho wake."

Nilimpeleka. Kwao si mbali, nyumba ya vyumba viwili vya tofali za kuchoma. Baba yake hukaa siku nyingi upande wa pili wa mpaka akipakia mizigo. Mama yake alitoka mlangoni amejifunga vitenge viwili, mtoto mchanga kifuani, akanishukuru kwa kujisumbua. Alisema, "Karibu ndani, mwalimu, ingawa chumba cha mzazi hakikosi harufu." Niliona jinsi anavyoniheshimu, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakakauka. Nikasema mtoto ameumwa kichwa kidogo, labda hakula vizuri. Nikasema apumzike. Nikarudi zangu.

Jumapili nilikwenda kanisani nikaimba. Umeme ulikuwa umerudi tangu Jumamosi mchana, nikakaa na mayai mpaka jioni, nikiyasikiliza. Nilimwomba Mungu yaanguliwe, kana kwamba vifaranga vingelipa lile deni la Jumamosi.

Jumatatu yakaanguliwa. Nilifungua stoo nikakuta saba wameshakauka na wengine wanatoboa. Darasa zima lilijazana mlangoni likasukumana, na mwalimu mkuu mwenyewe akaja kutazama, akasema hii ndiyo elimu. Yai la yule msichana lilikuwa kati ya yale saba. Nilimpa kifaranga chake akishike kwa viganja viwili, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu kwa meno yote.

"Mwalimu," akasema, "na sisi nyumbani tumefanya."

"Mmefanya nini?"

"Chumba cha mama. Tangu juzi jioni. Tumeziba dirisha kwa gunia, na tambara chini ya mlango. Jiko naliwasha mimi nje, nangoja moshi uishe kabisa, kama ulivyonionyesha. Mama alikuwa analiweka karibu na mlango, mlango wazi, nikamwambia mwalimu amesema joto lisitoke." Alikuwa anakipapasa kifaranga kichwani. "Mtoto alikuwa analia sana. Sasa ametulia. Leo asubuhi hakulia kabisa."

Sikumbuki nilimwambia nini. Naambiwa nilimsukuma mtoto mmoja akaanguka. Nilitoka getini, bodaboda ya kwanza niliyoiona nikaipanda, na dereva alikuwa ananiuliza wapi nami namwonyesha tu kwa mkono. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya kila kitu. Katika safari ile fupi nilimzika yule mtoto mara kadhaa.

Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Nilibisha mara moja, nikausukuma kwa bega, tambara likakwama chini, nikausukuma tena. Ndani kulikuwa na joto zuri. Nasema zuri, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, ungetamani kuketi. Hapakuwa na moshi wala harufu. Mama alikuwa amelala chali kitandani, macho nusu, na kichanga juu ya kifua chake hakitikisiki.

Nilimbeba mtoto nikamtoa nje. Dereva wa bodaboda alimtoa mama, akimburuta kwa mikono miwili. Mama alianza kukohoa na kushika kichwa, lakini mtoto alilala kwenye mikono yangu, mwepesi, ametulia kama dada yake alivyosema. Nilimfunua kifua hewa ya baridi impige, ile ile baridi tuliyokuwa tunampigania isimguse. Nikamsugua mgongo. Nikamsugua nyayo. Majirani walikuwa wameshajaa uani.

Kisha akakunja uso. Akatoa sauti ndogo, kama ile ya ndani ya yai. Halafu akalia.

Safari hii nilikwenda hospitali. Waliwawekea wote wawili hewa, na kufikia mchana nesi akatuambia mmewahi, mtoto atapona. Alikuwa nesi mkali, wa namna yangu. Alisimama miguuni mwa kitanda na kalamu yake, akamuuliza mama, "Tulipokuruhusu tulikwambia nini kuhusu jiko?"

"Mlisema lisiwe ndani."

"Sasa nani aliwafundisha kuziba dirisha?"

Mama aliniangalia. Alikuwa bado mchovu, na kichwa kilimuuma, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayemtetea mgeni wake mbele za watu. "Si kosa la mwalimu," akasema. "Mwalimu alimfundisha mtoto mambo ya mayai. Mtoto ndiye aliyechanganya."

Nesi akanigeukia. Ningeweza kunyamaza. Njia ilikuwa imeshasafishwa, na aliyeisafisha ni mama mwenyewe. Nikasema hapana, mtoto hakuchanganya kitu, alifanya kila hatua kama nilivyomwelekeza. Nikawaeleza Jumamosi: jiko, gunia, tambara, chai vikombe viwili, nyasi, matapishi. Nikaeleza na mlangoni pake, nilivyosema hakula vizuri.

Nesi aliacha kuandika. Mama alimpapasa mtoto mgongoni. Kisha akauliza swali moja, bila kupandisha sauti.

"Kwa hiyo uliposimama pale mlangoni kwangu, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa najua.