Hatua Mia Nne na Kumi na Mbili

Usiku ule wa kuamkia maigizo ya vita vya Maji Maji nililala na barua chini ya mto. Nilikuwa nimeiandikia kamati ya kijiji kwamba Salumu asiwaongoze tena wageni kwenye uwanja wa vita, kwa kuwa hajui vipimo. Mimi ni fundi saa. Habari za vita vile nimejisomea mwenyewe kwa miaka ishirini, nikaupima uwanja wote kwa kamba na kujaza madaftari sita. Lakini kila mwaka ni Salumu anayeshuka kilimani mbele ya wapiganaji akiita, "Maji!", na kina mama wanalia. Mimi huwekwa upande wa boma la Wajerumani, niwe askari, eti kwa sababu natembea nimenyooka.

Mchana uliotangulia, kwenye mazoezi, nilimsahihisha mbele ya watu. Alisema kutoka boma hadi kijito ni mwendo wa ugali kuiva. Nikasema ni hatua mia nne na kumi na mbili. Marehemu babu yangu, aliyepigana pale, ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa hatua hizo. Salumu alinitazama kwa upole.

"Fundi, nenda kawaulize marehemu kama siku ile kuna aliyehesabu."

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Ndotoni nilikuwa uwanjani, na nyasi zilikuwa ndefu kuliko zilivyo sasa. Babu alikuja akitokea bomani. Kwamba alikwisha kufa halikunishangaza. Nilishangaa kwamba ni kijana, mdogo kuliko mwanangu, na tayari shingo yake imelala upande, jambo ambalo sisi tulidhani ni la uzee. Nikamwambia amekuja wakati mzuri, twende akamweleze Salumu. Anatangulia, namfuata, tunahesabu pamoja kama nilipokuwa na miaka sita. Kumi. Hamsini. Mara tumo dukani mwangu na saa zote zinahesabu nasi. Mara tuko nyasini tena. Mia tatu. Sasa naona kichwani mwake kuna kasha la mbao, na najua, bila kuambiwa, kwamba ndani mna risasi.

Kwenye hatua ya mia nne na kumi na mbili anasimama. Mbele yetu ni kijito. Ng'ambo, watu wanashuka kilimani wakiita maji, na wa kwanza wao ana sura ya Salumu. Hata pale nikamwonea wivu.

"Mume mwenza," Babu anasema. Ndivyo alivyozoea kunitania, kwa kuwa Bibi aliniita mume wake. "Tumeanza kuhesabu wapi?"

"Bomani."

"Na aliyeshuka kilimani angeanzia wapi?"

Miaka ishirini nimepima kwa kamba, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Babu hakushuka kilimani. Aliwabebea Wajerumani risasi.

Analishusha kasha. Nanyoosha mikono nilipokee, naye analiweka chini, kati yetu.

"Mpelekee Salumu."

Nikamuuliza kwa nini iwe Salumu, wakati mimi ndiye niliyeandika yote. Nilisikia sauti yangu ni ya mtoto aliyenyimwa.

"Umeandika vizuri," anasema. "Lakini yeye akisema, watu hulia. Sisi wapagazi hatujaliliwa bado."

Niliamka shingo inaniuma. Kulikuwa kunapambazuka. Nikaitoa barua chini ya mto, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake: hatua mia nne na kumi na mbili, kuanzia bomani, kasha kichwani. Kisha nikavaa viatu. Wivu haukuwa umeniisha. Nilikwenda nao hivyohivyo hadi kwa Salumu, nikapiga hodi.